Mstari Usiosomwa na Mashine

Saa saba usiku, Gerezani, ghorofa ya nne.
Feni za seva zinavuma kama nyuki waliofungiwa debeni.
Umeme umekatika mara mbili tangu isha,
na jenereta la chini, pamoja na kikohozi chake,
limetubeba mara zote mbili.

Nafungua faili la kwanza.
Juu kabisa, kabla ya amri yoyote,
naweka alama ya reli,
kisha jina la faili, toleo, tarehe, saa,
kisha nani.

Mashine ikifika hapo haisimami.
Ikiona reli inaruka,
kama mwanafunzi anavyoruka dimbwi la Jangwani
huku ameshika viatu mkononi.
Haya si maneno yake.
Ni yetu sisi tunaosahau.

Lusajo, kijana wa zamu ya asubuhi, aliniuliza juzi:
Dada Sikudhani, ya nini kuandika kisichosomwa?
Nikamwambia, kola ya shati lako la shule,
mama yako aliandika jina kwa kalamu ya wino mzito.
Shati lilijua?
Halikujua.
Lakini lilirudi nyumbani.

Mafaili mia mbili na kumi na moja
yanaendesha hati za kutolea makontena,
na hakuna hata moja lenye kumbukumbu ya mkono uliolishika.
Ndiyo maana mwezi ule wa mvua
malori yalilala barabarani Kurasini siku mbili,
madereva wakipika chai chini ya matela,
wakitutukana kwa lafudhi za Tunduma na Lubumbashi.
Palipokuwa na thelathini palikutwa na tatu.
Sifuri ilikuwa imeanguka.
Sifuri moja,
na sifuri, tulifundishwa darasa la kwanza,
si kitu.

Bwana Kisamo alisimama mlangoni, tai imelegea:
Nani aligusa?
Tukatazama dari.
Kisha mmoja wetu, simkumbuki,
au namkumbuka,
akasema: Kibwana.
Kibwana alikuwa amehamia Dodoma wiki tatu kabla.
Asiyekuwapo na lake halipo, husemwa,
lakini lawama yake ilikuwapo,
ilikalia kiti chake,
ilinywa kwa kikombe chake chenye ufa.

Usiku huu, nikitafuta nakala za zamani
ili nijue toleo la kwanza nilipe namba gani,
nimelikuta faili lile.
Limebadilishwa Jumanne, mwezi wa tatu,
saa sita kasoro dakika ishirini usiku.
Nikavuta daftari la zamu, lile lenye jalada la kaki.
Jumanne hiyo.
Wino wa bluu, mwandiko wa kulalia kushoto:
S. Pazi.

Mwandiko wangu.

Mtoto alikuwa na homa. Simu ilikuwa begani,
dada wa kazi akinisomea kipimajoto namba kwa namba,
na kidole changu kimoja kikifuta kitu,
nikidhani kinafuta nafasi tupu.

Nimekaa. Jenereta limekohoa, likaendelea.
Ningeweza kuandika tarehe ya leo tu,
toleo la kwanza, safi, kama mtoto aliyezaliwa leo.
Hakuna ambaye angejua.
Mashine ndiyo kabisa.

Nikaandika reli.
Toleo la tatu.
La kwanza, Kibwana: thelathini, ilikuwa sahihi.
La pili, S. Pazi: sifuri ilifutwa kwa bahati mbaya.
La tatu, S. Pazi: maelezo haya.
Kibwana hakugusa.

Nikahifadhi. Nikaendelea na la kumi na tisa.

Alfajiri mfumo uliwashwa upya.
Mashine ikalisoma faili lile toka juu,
ikafika kwenye jina langu, ikaruka.

Lusajo, mandazi mkononi, macho kwenye kioo,
hakuruka.